Udhu wa Baba Mkubwa

Lindi, 8 Julai 1952

Kwa baba yangu mkubwa mpenzi, Maftaha bin Yunusu,

Shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta u mzima, wewe na mama mkubwa Kidawa, na goti lako limepoa kidogo. Mimi ni mzima, ila mbu wa Lindi wamenizoea upesi kuliko watu wake. Nimefikia kwa rafiki yako fundi cherehani, naye ananipa chumba, chakula, na maneno mengi kuliko vyote viwili.

Ulinituma nichague chuo. Liwali wetu alisema atanichukua karani wa baraza lake nikirudi Kilwa na hati ya ijaza ya sheria, ama ya Sheikh Abdala wa hapa Lindi mjini, ama ya Sheikh Likwata wa Sudi. Nimekaa darasani kwa Sheikh Abdala wiki nzima, na Sudi nimeshinda siku moja. Baba mkubwa, sioni tofauti. Masheikh wote wawili walisoma kwa mwalimu mmoja. Kitabu ni kilekile, fikihi asubuhi, mirathi baada ya alasiri, mwaka mmoja na nusu, basi. Hata mikeka inafanana, nadhani imesukwa na bibi mmoja. Tena kila sheikh ameniuliza swali lilelile, macho ameyabana: "Umepita kwa mwenzangu? Amesemaje juu yangu?"

Nimebaki njia panda. Nichagulie wewe, lolote utakalosema kwangu sawa.

Mwambie Kijakazi aifue kanzu yangu ya Idd niliyoiacha, aipige pasi vizuri, asiiunguze kama ile ya mwaka juzi. Ampe Ambrosi aje nayo kwenye lori pamoja na majibu yako.

Mwanao,
Yahya


Kilwa Kivinje, 12 Julai 1952

Kwa mwanangu Yahya bin Abdulatifu, Mungu amkuze,

Marahaba. Sisi hatujambo, goti linanisumbua kama kawaida yake. Barua yako Ambrosi ameileta asubuhi hii nami najibu sasa hivi, yeye anangoja uani anakunywa chai.

Soma Lindi kwa Sheikh Abdala. Kwanza, mjini kuna posta. Pili, kuna daktari. Tatu, fundi atakuangalia. Nne, Sudi ni kijiji cha wavuvi na harufu ya papa mkavu haitoki kwenye nguo. Tano, maji ya Sudi yana chumvi. Sita, Sheikh Likwata ni mkali na nasikia ana ulimi mbaya. Saba, mimi nimesema.

Huko Sudi mimi sijapata kukanyaga maishani mwangu wala sina haja. Lakini habari za mahali mtu huzisikia. Usirudi tena hata kwa matembezi, utampa Sheikh Abdala wasiwasi kwamba huna msimamo.

Kanzu inafuliwa, itakufuata.

Baba yako mkubwa,
Maftaha bin Yunusu


Lindi, 27 Julai 1952

Kwa baba mkubwa mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Habari za goti? Mimi namshukuru Mungu. Kanzu imefika, imepigwa pasi mpaka kola.

Kwanza, jambo dogo. Bahasha yako imefika gundi yake ina mikunjo, kama iliyofunguliwa ikabandikwa tena. Nimemtazama Ambrosi, naye amenitazama. Anasema yeye herufi zetu hizi za Kiarabu hazijui, kwao Ndanda alisoma za kizungu. Huenda ni kweli. Wewe uwe unabandika vizuri.

Sasa niseme la moyoni. Baba mkubwa, sababu moja ingenitosha, wewe umenipa saba. Mtu niliyekulia mikononi mwake, ambaye barua ya mjomba wangu aliijibu baada ya miezi minne, leo amejibu huku dereva anakunywa chai. Nikaingiwa na shaka. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikapanda lori, kisha nikatembea kwa miguu, nikaenda Sudi tena nikakaa siku tatu.

Maji yana chumvi, hilo ni kweli. Lakini siku ya pili Sheikh Likwata aliniuliza jina langu kamili. Nikasema Yahya bin Abdulatifu bin Yunusu, wa Kilwa Kivinje. Akacheka mpaka akakohoa. "Una nini na Maftaha?" Nikamwambia ni baba yangu mkubwa, ndiye amenilea. Akasema, "Alikula ugali wangu miezi minane, mwaka ule aliofariki babu yako. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote. Asubuhi moja tukaamka mkeka wake hauna mtu. Ubao wake ninao mpaka leo, mwambie aje auchukue."

Wewe umeniandikia kwamba Sudi hujapata kukanyaga. Sasa nani mwongo, wewe au yeye?

Nikamuuliza uliondoka kwa nini. Akasema hajui, anajua tu kwamba siku ile ilikuwa zamu yako ya ubao. Na hapa ndipo nimeiona tofauti ya vyuo hivi, maana ipo moja tu. Lindi, mirathi wanaisoma kwa maiti wa mfano: mtu fulani amekufa, ameacha mke fulani na watoto fulani, gawanya. Sudi hakuna maiti wa mfano. Kila mwanafunzi huanza na nyumba yake mwenyewe. Unaandika ubaoni jina la mzee wenu aliyefariki, baba au babu, chini yake unamwandika kila aliyelala chini ya paa lake siku aliyokufa, awe nani, awe mtumishi. Kisha unawafuta mmoja mmoja, na kila unayemfuta unasema mbele ya wenzako sababu ya kumfuta. Wanaobaki ndio warithi. Sheikh anasema kadhi asiyeweza kugawa kwao hana haki ya kugawa kwa watu.

Jambo zuri, nimelipenda. Nami nimeshaanza kupanga kichwani. Babu amekufa bibi ametangulia. Chini ya paa kuna wewe, baba yangu Abdulatifu, mama mkubwa Kidawa, na Kijakazi. Wewe na baba mnabaki. Mama mkubwa namfuta, ni mke wa mtoto. Kijakazi nikimfuta niseme sababu gani? Hilo silijui vizuri, sijapata kuuliza. Nijibu kwa kifupi tu.

Mwanao,
Yahya


Kilwa Kivinje, 5 Agosti 1952

Yahya,

Marahaba. Sisi wazima.

Bahasha yako nayo imefika mbichi, usinifundishe mimi kubandika. Nimemuuliza Ambrosi mbele ya watu akaapa kwa Mungu wake. Kwa hiyo ama yeye ni mwongo, ama huko Lindi kuna mtu unayemwonyesha barua kabla hujazituma. Nani? Fundi? Likwata mwenyewe? Usidhani mimi ni mtoto.

Ndiyo, nilipita Sudi zamani. Kupita si kukaa. Nilikuwa na homa nikaondoka. Yule mzee ana chuki na mimi kwa sababu sikumuaga, sasa anamtumia mtoto wangu kunichokonoa. Humwoni? Amekuona huna baba, amekupa ubao.

Kuhusu Kijakazi, unaniuliza jambo ambalo kila mtu Kivinje analijua. Ni mtu wa nyumbani tu. Mama yake, Faida, aliletwa na babu yako kutoka bara enzi za Wajerumani. Naikumbuka siku yenyewe, nilikuwa nimeshahitimu juzuu yangu ya kwanza, nina miaka minane, nikapewa kazi ya kumwonyesha kisima. Kijakazi akazaliwa mwaka uliofuata. Baba yake alikuwa mvuvi wa Songo Songo, akaenda zake. Babu yako kwa huruma akamweka yule mtoto, nasi tumemweka mpaka leo, anakula tunachokula. Si wa damu. Mfute, sababu ndiyo hiyo.

Ila humfuti Sudi, unamfuta Lindi, au humfuti kabisa maana Lindi hawaulizi mambo ya watu. Ukihamia Sudi usihesabu kwamba una nyumba Kivinje. Kwa Liwali nitakwenda mimi mwenyewe nimwambie nafasi ampe mwingine. Usinilazimishe.

Baba yako mkubwa


Sudi, 1 Septemba 1952

Kwa baba yangu mkubwa, Mungu ampe subira,

Shikamoo. Idd imepita jana, nakutakia heri yake wewe na mama mkubwa. Natumaini mmechinja salama. Sisi tulichinja mbuzi wawili kwa wanafunzi kumi na watatu, mimi nikapata shingo.

Umeona nilipoandikia. Mwezi uliopita sikukuandikia kwa sababu niliogopa. Nilirudi darasani kwa Sheikh Abdala siku kumi, nikagawa mirathi ya maiti sita wasio na majina, yote nikapata sawasawa. Kila nikimaliza najiuliza, baba mkubwa anaogopa nini? Usingekuwa na vitisho ningebaki palepale, Lindi kuna mkate mzuri. Lakini hujapata kunitishia tangu utoto wangu, hata nilipovunja saa yako. Basi nikafunga mzigo.

Zamu yangu ya ubao ilikuwa Jumatano iliyopita. Nikaandika majina manne kama nilivyokwambia. Mama mkubwa nikamfuta. Kijakazi nikamfuta, nikasema, "Si wa damu, baba yake ni mvuvi wa Songo Songo." Sheikh akauvuta ubao kwake. Akaniuliza, "Umemfuta kwa maneno ya nani?" Nikasema ya baba mkubwa. Akasema, "Haya," akamwita mwingine. Nikarudi kwenye mkeka nikidhani nimefaulu.

Keshoye asubuhi tulikuwa kwenye fikihi, mlango wa udhu. Mambo tunayoyajua tangu chuo cha watoto. Mwanamume akigusana ngozi kwa ngozi na mwanamke anayeweza kumwoa, udhu wake umetenguka, arudi majini. Asiyeweza kumwoa kwa damu, mama, dada, binti, shangazi, udhu hautenguki. Wenzangu walikuwa wanapiga miayo. Mimi nikakumbuka ngazi za msikiti wa kwetu.

Baba mkubwa, goti lako lilianza mwaka arobaini na nane. Tangu mwaka ule, kila adhuhuri na kila Ijumaa, unatawadha uani, Kijakazi anakumiminia maji. Kisha anakushika mkono, mkono mtupu, wewe ukiwa umeshatawadha, mnavuka njia mpaka msikitini, anakupandisha ngazi zile tano mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nabeba viatu vyako nyuma yenu. Ukimwachia mkono unaingia moja kwa moja kwenye safu unasali. Hujapata kurudi kwenye birika la msikiti hata siku moja. Wewe, uliyenifanya nitawadhe upya kwa sababu muuza samaki alinigusa kidole akinirudishia chenji!

Nieleze. Sitaki kukudhania vibaya, ndiyo maana nauliza. Ama sala zako za miaka minne hazikuwa na udhu, ama Kijakazi si binti wa mvuvi.

Mwanao,
Yahya


Kilwa Kivinje, 12 Septemba 1952

Kwa Yahya, msomi,

Marahaba, ingawa mdomo wako haustahili kuitikiwa.

Sala zangu usiziguse. Nimesali kabla baba yako hajazaliwa. Umekwenda miezi miwili tu na tayari unampima aliyekutahiri, aliyekuvisha, aliyekushika mkono siku ya mazishi ya baba yako. Nilijua Likwata atakufanya hivi. Au ni Kijakazi mwenyewe aliyekutia maneno kabla hujaondoka? Siku hizi namwona ana ukimya wa kiburi. Nikimwita anakuja polepole. Jana nilimkuta na Kidawa jikoni wananong'ona, nilipoingia wakaanza kuzungumzia nazi.

Jibu lako ni hili, na likutoshe. Faida, mama yake Kijakazi, alininyonyesha mimi. Mama yangu alikuwa hana maziwa. Basi Kijakazi ni ndugu yangu wa ziwa, hawezi kuolewa nami, nikimgusa udhu wangu uko palepale. Na ndugu wa ziwa harithi. Sheria hiyo umeshafundishwa au bado? Kamwulize huyo sheikh wako. Sala zangu zimesimama, na Kijakazi umemfuta kwa haki. Yote mawili.

Nilikuwa sipendi kuyasema kwa sababu mambo ya maziwa ni mambo ya kina mama.

Sasa rudi Lindi. Bado sijamwendea Liwali, nakupa mpaka mwisho wa mwezi.

Baba yako mkubwa,
Maftaha bin Yunusu


Sudi, 24 Septemba 1952

Kwa baba yangu mkubwa,

Shikamoo. Nakuombea afya, na naandika haya bila furaha yoyote. Nataka uamini hivyo.

Uliposema habari za maziwa nilifurahi mno. Nilikimbia kumwonyesha mwenzangu mmoja, kijana wa Pande, nikamwambia, unaona, baba yangu mkubwa ni mtu safi. Nikala nikashiba. Alasiri nikazitoa barua zako zote nizipange, nikaisoma tena ile ya tarehe tano Agosti.

Uliandika kwa mkono wako kwamba Faida alipoletwa nyumbani ulikuwa na miaka minane, umehitimu juzuu, ukamwonyesha kisima. Kunyonya kunakomfanya mtu ndugu ni ndani ya miaka miwili ya mwanzo, hilo hata Lindi wanalifundisha. Mtoto wa miaka minane hakunyonya, baba mkubwa. Alichota maji.

Kwa hiyo umenidanganya mara tatu. Ulisema hujafika Sudi, umefika. Ulisema mvuvi wa Songo Songo, hayupo. Ulisema maziwa, hayapo. Na mkono ule kila adhuhuri ulikuwa unasema kweli peke yake.

Nakuelewa zaidi ya unavyodhani. Ulikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote. Uliamka siku ya zamu yako ukajua utamwandika Kijakazi ubaoni, na ukimfuta itabidi useme uongo mbele ya sheikh, na usipomfuta itabidi urudi Kilwa umwambie aliyekuwa anakupikia kwamba nyumba na minazi ya Pande ni vyake pia. Ukachagua kukimbia. Halafu ukarudi nyumbani ukamwacha jikoni miaka ishirini na moja. Ila kumgusa na kurudi kutawadha hukuweza, maana Mungu usingeweza kumdanganya. Ulitudanganya sisi tu.

Leo nimeomba ubao tena. Babu ameacha watoto watatu, wavulana wawili na binti mmoja. Mafungu matano. Mawili yako, mawili ya baba yangu, moja la Kijakazi binti Yunusu. Usiseme nafanya hivi kwa tamaa, fungu langu mimi ndilo linalopungua pamoja na lako. Sheikh safari hii hakusema "Haya." Alitikisa kichwa, akaniambia niukaushe ubao juani, nisiufute.

Naona aibu, baba mkubwa. Ningekuwa na uso ningeufunika. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka mitatu, aliyenilaza kifuani ni Kijakazi. Na mimi katika barua yangu ya kwanza kabisa kutoka Lindi nilimwagiza kanzu, nikamwonya asiiunguze.

Mwambie wewe kabla sijaja. Ni haki yako kumwambia, sitaki nikunyang'anye.

Mwanao bado,
Yahya


Sudi, 29 Oktoba 1952

Kwa baba mkubwa,

Shikamoo. U mzima? Ambrosi amepita mara mbili mikono mitupu. Namuuliza habari za nyumbani ananiambia "Nzuri," kisha anajishughulisha na tairi. Ametengeneza tairi zima.

Ikiwa umekwenda kwa Liwali, niambie, sitalalamika. Ikiwa umenitoa nyumbani, niambie pia. Ikiwa umemfanyia Kijakazi lolote kwa sababu ya barua zangu, basi hilo sitalinyamazia, na nitakuja kwa miguu. Usiku na mchana nawaza hilo. Niliandika mambo yake yote kwenye karatasi zinazopita mikononi mwake, yeye ndiye anayezipokea kwa Ambrosi na kukuletea, nami sikulifikiri hata mara moja.

Andika hata mstari mmoja.

Yahya


Kilwa Kivinje, 20 Novemba 1952

Kwa Yahya, mtoto niliyembeba,

Hujambo? Unakula? Homa ya mbu haijakushika? Mwandiko huu ni wa Kidawa, mama yako mkubwa, nimekaa naye jikoni. Maneno ni yangu. Amesema atayapamba, nikamwambia aache yalivyo.

Usimlaumu Ambrosi. Barua zenu nilikuwa nazifungua mimi. Birika likichemka naiweka bahasha kwenye mvuke, gundi inalegea yenyewe, Kidawa ananisomea, tunabandika kwa uji wa muhogo. Zako na zake, zote. Ya kwanza bwana aliifungua mwenyewe, nikasikia jina langu likitajwa alipokuwa anaisoma kwa sauti, nikataka kujua nimefanya nini tena, tukalifungua jibu lake. Kumbe ni kanzu. Ile ya mwaka juzi, Yahya, haikuungua kwa pasi. Ulikaa na sigara ya kujificha, nikasema ni mimi.

Basi tukaendelea. Miezi minne nimewasikia ninyi wawili mkiandikiana juu yangu, mmoja ananifuta, mmoja ananiandika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Kijakazi anasemaje?" Na mimi nilikuwa hapa hapa, barua zinapita mkononi mwangu.

Wewe unadhani umevumbua. Mimi nimejua tangu nina meno. Baba mwenyewe aliniozesha Pande, alikaa mbele ya sheikh akasema "binti yangu," nilisikia kwa masikio yangu nyuma ya pazia. Yule mume aliponiacha nikarudi, mama ameshafariki, baba naye akafa mwaka uleule, na ndugu zangu wakanionyesha jiko. Ningesema kwa nani? Baraza gani lingemsikiliza mtoto wa Faida, suria kutoka bara? Nikangoja Maftaha aseme mwenyewe. Kila siku nikimshika mkono nasema moyoni, leo atarudi majini au atapita? Anapita. Basi najua kwamba anajua. Nilikuwa namchukia na ninampandisha ngazi.

Na wewe nilikushuku pia, nikwambie ukweli. Nilimwambia Kidawa, kijana anayetaka kazi ya barazani anatafuta kesi ya kuanzia, akiipata atatuuza sote kwa Liwali. Mpaka uliposema umepungukiwa fungu lako nikasema haya, huyu labda.

Sasa sikia kilichotokea, kwa sababu yeye hawezi kuandika. Ile barua yako ya Septemba ilipofika, alikaa nayo barazani mpaka adhuhuri. Nikammiminia maji akatawadha. Nikanyoosha mkono. Hakuushika. Akachukua fimbo. Siku ile na zote zilizofuata akawa anakwenda na fimbo, anavuka njia peke yake, anapanda ngazi kwa makalio kama mtoto mdogo. Aliona heri hivyo kuliko kunishika na kukubali. Tukawa hatusemezani. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake na viatu, nasimama ukutani mpaka aingie.

Ijumaa iliyopita ilinyesha asubuhi. Ngazi zilikuwa na utelezi, watu wamejaa, wengine uwanjani. Alifika ya tatu, fimbo ikateleza. Alianguka chali, nikasikia mfupa. Wanaume wakamkimbilia, akawasukuma kwa mkono mzima, "Niacheni, niacheni." Kofia imeanguka topeni. Akawa anatazama huku na huku mpaka akaniona ukutani. Akasema kwa sauti, Ijumaa nzima ikisikia, "Dada, njoo unishike."

Watu wote wakanigeukia. Mimi nikabaki ukutani na viatu vyake. Akasema tena, "Dada."

Nikaenda. Nikampangusa uso kwa ukaya wangu wa kichwani, nikamshika mkono wa kushoto, tukapanda zile tatu, na ya nne, na ya tano. Mlangoni kijana mmoja akamwambia, "Mzee, birika lile pale," akidhani amesahau. Maftaha akasema, "Udhu ninao." Akaniachia mkono, akaingia, akasali amekaa. Unajua walivyo watu wa msikiti ule, kila mmoja ana mlango wa udhu kichwani. Hakuna aliyeuliza kitu. Kufika alasiri Kivinje nzima imeshajua mimi ni nani, na wanawake watatu wakaja kunipa mkono kana kwamba nimezaa.

Mkono wake wa kulia umevunjika, umefungwa kwa vijiti. Analala ukumbini nasi tunamlisha. Jana nilimuuliza kwa nini miaka yote ile. Akasema, "Nilianza kwa kuona haya, halafu ikawa nimechelewa." Akalia. Sikumbembeleza, niliendelea kuchambua mchele. Lakini sikuondoka pale.

Kwa Liwali hakwenda. Anasema ukae Sudi umalize, na umletee ubao wake. Mimi nami nasema kaa, ingawa hukuniuliza.

Habari za mafungu msizigawe kwa barua. Utakuja, tutakaa watatu, nami nitasema ninachotaka, na huenda kisiwe hicho mnachodhani.

Jambo moja tu nakuomba mapema. Tangu ulipojua kusema, umemwamkia kila mtu mzima wa mtaa huu, mpaka muuza mkaa. Mimi ulikuwa unapita unasema, "Kijakazi, maji." Hukufundishwa vingine, najua. Ukija safari hii usiagize maji. Simama mlangoni, uniamkie shikamoo kama watu wanavyoamkiwa. Nitaitika.

Shangazi yako,
Kijakazi binti Yunusu